Jeraha la kazini liandikwe hospitali kuwa ni la kazini

Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu hapa Pemba, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilipita katika chumba cha kupokea majeruhi. Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee vijana wetu wanaoumia kazini. Haki zao nyingi hupotea mapema sana, tena pahala ambapo hapatazamwi na mtu: kwenye karatasi ya hospitali.

Akiletwa majeruhi, waliombeba huulizwa kimemsibu nini. Hujibu, "Kaanguka." Basi huandikwa kaanguka, hupimwa presha, hukimbizwa kupigwa picha ya mifupa. Wakati ule damu inatoka na kila mtu anahangaika kumwokoa, kwa hiyo haulizi mtu kaanguka wapi, wala kazi ilikuwa ya nani. Miezi ikishapita, mguu umeunga vibaya, kijana hawezi tena kupanda ngazi wala kubeba mfuko wa saruji, ndipo anapokwenda kudai fidia. Anaambiwa alete ushahidi, anatoa kadi yake, na kadi inasema kaanguka tu. Mwajiri hana haja ya kusema uongo mkubwa hapo. Yamtosha kusema huenda mtu huyu alianguka mnazini kwao.

Jambo hili limeingia hadi nyumbani kwetu. Mtoto wa mdogo wangu alivuka kwenda Unguja kama wanavyovuka vijana wengi wa huku, akapata kibarua kwenye jengo la hoteli ukanda wa kaskazini. Mkataba wa maandishi hakupewa. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la msimamizi, na malipo yalitoka kila mwisho wa wiki. Jukwaa la mbao likakatika akiwa juu na ndoo ya zege, akavunjika nyonga. Msimamizi alimpeleka hospitali kwa gari yake mwenyewe na akalipa dawa za mwanzo, na kwa hilo namshukuru. Lakini baadaye alirudi na bahasha na karatasi moja, akasema tumalizane kiungwana. Kijana akatia saini kitandani bila ya kusomewa kilichoandikwa. Leo anatembea kwa mkongojo, ana watoto wadogo, na lile daftari halionekani tena.

Najua wazee wetu watasema hiyo ni kadari, na si vyema kumfuata mtu aliyekusaidia. Kadari naiamini kama wanavyoiamini wao. Lakini kadari haimwondolei mwenye kazi dhima yake kwa mtu aliyevunjika akimjengea. Tena kudai fidia si kumtukana mwajiri wala kumwita mzembe. Msingi wa sheria za fidia ni kwamba mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kosa la mwajiri. Linalotakiwa kuonekana ni kwamba aliumia akiwa kazini na kwa sababu ya kazi ile. Ndiyo maana mstari mmoja kwenye kadi una uzito mkubwa hivyo. Ukikosekana, mlalamikaji amepoteza lile hasa alilotakiwa kulionyesha.

Sheria tunayo, na si ya jana. Zanzibar ilitunga Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi mwaka 1986 na kuifanyia marekebisho mwaka 2005, mwaka uleule zilipotungwa Sheria ya Ajira Namba 11 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8. Vijana wengi wanaonijia hawajui hata moja kati ya hizo. Wanalolijua ni lile la kwenye redio, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na wengine hufikiria kupanda boti kwenda kuufuata Dar es Salaam. Mfuko ule ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 ya Tanzania Bara. Mambo ya kazi si ya Muungano, kwa hiyo aliyeumia Nungwi au Wete aanzie kwa maofisa wa kazi wa hapahapa Zanzibar.

Na tusiseme kwamba hatuwezi. Wachumaji karafuu wanaoanguka wamewekewa utaratibu wa fidia na Serikali kupitia Shirika la Biashara, ZSTC. Mtu akianguka mkarafuuni, sheha hupata habari upesi, shamba la nani linajulikana, waliokuwa chini ya mti wanatajwa. Nataka uangalifu huohuo kwa aliyeanguka jukwaani, kwa mpishi aliyeungua mafuta jikoni hotelini, na kwa mama aliyerukiwa na kipande cha jiwe jichoni akipasua kokoto za mtu mwengine.

Wauguzi na madaktari wenzangu, nawaomba mwandike manne: alikuwa wapi, akifanya kazi gani, ya nani, na saa ngapi. Kama hali hairuhusu pale mapokezi, aulizwe wodini akishatulia. Na wewe uliyemsindikiza majeruhi, usiseme kaanguka ukanyamaza. Piga picha ya pale mahali kwa simu siku hiyohiyo, kabla mbao hazijaondolewa. Chukua majina na nambari za waliokuwapo, maana mafundi hutawanyika jengo likishakwisha na kuwapata tena ni tabu. Weka nakala ya kila karatasi ya hospitali. Msaada wa nauli na dawa upokeeni, lakini mgonjwa asitie saini ya kumalizana akiwa kitandani, hata kama aliyeleta karatasi ni jamaa.

Kwa Kamisheni ya Kazi nina ombi moja, na la pili linalifuata. Wekeni nambari ya simu ya ofisa wa kazi kwenye ukuta wa mapokezi katika hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, Chake Chake, Wete, Micheweni na Mnazi Mmoja, kwa maandishi makubwa ambayo mtu aliyechanganyikiwa ataweza kuyasoma. Na wakaguzi wenu wanapotembelea majengo, waombe kuliona daftari la vibarua na kuchukua nakala yake siku hiyo, kabla hajaumia mtu.

Muuguzi mstaafu,
Chake Chake, Pemba