Mama alikuwa anakunywa dawa ile ile mara mbili

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua mana hili jambo limenikaa rohoni toka Pasaka.

Mama yangu ana presha, mwaka wa saba sasa anatumia amlodipini ya miligramu 10, kidonge kimoja kila asubuhi. Kaka akiwa na hela anamnunulia Norvasc, ambayo ni amlodipini hiyo hiyo yenye jina la kampuni, akikwama mama anaenda kliniki anapewa amlodipini za kawaida. Sasa Pasaka naenda kumuona Muheza nakuta miguu imevimba mpaka kandambili hazipiti, akisimama anashika ukuta. Mmoja akasema figo, mwingine moyo, shangazi yeye akasema karogwa kabisa. Nikamwambia mama hebu nitolee dawa zako zote hapa. Akaleta kopo lake la Blue Band, ndani kuna boksi la kaka na kabahasha ka hospitali, ndo nikajua anameza zote mbili! "Ya kaka yako ndo dawa, hii ya hospitali nameza tu dokta asije akasema simsikilizi."

Yani 20 kwa siku wakati mwisho ni 10. Dokta akamwachisha moja, miguu ikarudi yenyewe.

Na mama simlaumu ata kidogo. Kabahasha kameandikwa 1x1 na jina la dawa kwa mwandiko ambao mimi mwenye macho nilihangaika nao, boksi la kaka lina jina kubwa la kampuni na lile la dawa yenyewe liko chini kwa herufi za sisimizi, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia hivi viwili ni kitu kimoja. Anachojua ni kwamba ya bei rahisi ni "ya Kihindi", basi haina nguvu.

Ajabu ni kwamba kwenye Panadol tulishaelewa zamani. Unaenda dukani unaomba Panadol, unapewa paracetamoli ya kampuni yoyote ile, unameza kichwa kinapoa na hakuna anayeuliza. Ila ikija presha au sukari ghafla wote tunataka orijino. Jeneriki, yani dawa ile ile ikitengenezwa na kampuni nyingine, ni rahisi kwa sababu aliyegundua akishamaliza miaka yake 20 ya hataza, ile haki ya kuitengeneza peke yake, wengine wanaruhusiwa kuitengeneza, hawaanzi utafiti upya, wanatakiwa waonyeshe tu kwamba dawa yao inaingia kwenye damu sawa na ile ya kwanza. Na ARV je? Mwaka 2001 Cipla ya India ilitangaza za kwake kwa chini ya dola moja kwa siku wakati zile za majina makubwa zilikuwa zinafika dola elfu 10 kwa mwaka. Sisi wote tuna ndugu wanaoishi kwa hizo hizo za Kihindi tunazozibeza.

Najua kuna atakayesema feki zipo. Zipo, ila feki ni feki ata ikiandikwa Norvasc, tena anayeghushi anapenda jina lenye bei. Kuchuja ni kazi ya TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, na mwaka 2018 bado ikiitwa TFDA ilikuwa ya kwanza Afrika kupandishwa na WHO, shirika la afya duniani, ngazi ya tatu ya usimamizi wa dawa, sasa sijui kwanini hawaendi kuyasema haya huku kliniki ambako wakina mama wamekaa kwenye benchi toka saa kumi na mbili asubuhi hawana cha kufanya. Kuna dawa kama za kifafa dokta hapendi ubadilishe badilishe kampuni, hapo msikilize yeye.

Ninachoomba ni kauli moja tu pale dirishani: "Mama, boksi limebadilika ila dawa ni ile ile, ya zamani usichanganye na hii." Na jina la dawa kwenye bahasha liandikwe likasomeka.

Mimi nilimpigia mama mstari wa kalamu nyekundu chini ya lile neno kwenye boksi na kwenye kabahasha. Wiki iliyopita akanipigia simu, kapewa boksi jipya, akanisomea herufi moja moja, a, m, l, o, mpaka mwisho, alafu akaniuliza, mbona mbele yake kuna alama ya kujumlisha na neno lingine? Nikamwambia usimeze kwanza, rudi nalo dirishani ukawaulize.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam