Shukrani kwa mzee wa Makoroboi

Mzee wangu uliyenikuta Jumamosi nimesimama Makoroboi, hapa Mwanza, nikiangaza huku na kule, shikamoo tena, na ahsante. Niliuliza njia ya kwenda kivuko cha Kamanga tu. Ukaacha kahawa yako, ukanipeleka mwenyewe. Miaka yote napita mtaa ule sikujua kuwa jina lake limetokana na koroboi, vile vibatari vilivyoundwa hapo kwenye mawe kwa vyuma chakavu. Ukanionyesha hekalu la Wahindu, ukanisimulia reli kutoka Tabora ilivyofika mwaka 1928. Tulipofika mbele ya Jiwe la Bismarck, pale ziwani, ulinyamaza, kisha ukataja MV Bukoba, meli iliyozama Ziwa Victoria Mei 21, 1996. Machozi yalinitoka. Hata jina lako sikuuliza, na soda ukaikataa. Mungu akutunze, baba.