Risala ya Wanafunzi wa Darasa la Fiqhi kwa Mgeni Rasmi: Kodi ya Shamba kwa Mizani ya Abu Yusuf

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Masheikh, walimu na wazazi wetu,

Assalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Mwaka huu darasa letu limesoma Kitab al-Kharaj, ambacho Kadhi Mkuu Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 182 Hijria (798 Miladia), alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid. Kwa kuwa kazi yako, mgeni wetu, ni mapato ya umma, tumechagua swali moja tu la kitabu hicho: kodi ya shamba ipimwe kwenye ardhi au kwenye mavuno?

Mheshimiwa, chanzo ni Sawad, mashamba ya Iraq yanayonyweshwa na mito ya Dijla na Furati. Yalipotekwa, baadhi ya maswahaba, Bilal akiwemo, walitaka yagawiwe wapiganaji kama ngawira. Sayyidna Umar alikataa kwa hoja ya aya za Suratul-Hashr, zinazowataja hata wale watakaokuja baadaye. Ardhi ikigawiwa yote leo, askari wa mipakani watalipwa kwa kipi, na vizazi vya kesho vitapata nini? Wakulima wakaachiwa mashamba yao, wakawa wanalipa kharaji, yaani kodi ya ardhi. Uthman bin Hunayf alitumwa kuyapima, akapata jarib milioni 36. Jarib moja haifiki nusu ekari. Viwango vinatofautiana baina ya mapokezi. Katika mojawapo, jarib ya mizabibu ilitozwa dirham 10, ya ngano 4 na ya shayiri 2.

Kwa karani, kiwango cha namna hii ni raha: anazidisha tu na kuandika. Mzigo unamwelemea mkulima. Tuchukue mfano wetu wenyewe: mwenye jarib 10 za ngano anadaiwa dirham 40. Kipimo cha ngano kikiuzwa dirham 2, atauza vipimo 20 na kumaliza deni. Mwaka wa neema bei ikishuka hadi dirham 1, atauza 40. Mavuno yamejaa, naye anatoka mikono mitupu. Na deni likidaiwa kwa nafaka badala ya fedha, bei ikianguka hazina ndiyo inayopungukiwa. Juu ya hayo, ardhi nyingi iliyolimwa zama za Umar ilikuwa imegeuka pori kufikia zama za Harun, na kuitoza kama zamani ni kuwafukuza hata wachache waliobaki.

Abu Yusuf akashauri mukasama, yaani kugawana mazao yenyewe. Ngano na shayiri za maji yanayotiririka yenyewe: sehemu mbili za tano kwa serikali, sawa na asilimia 40. Zinazonyweshwa kwa kuteka maji: tano moja na nusu yake, asilimia 30, kwa sababu kuteka maji ni gharama. Mitende, mizabibu na bustani: theluthi. Mazao ya kiangazi: robo. Ni viwango vikubwa, hatufichi, lakini shamba lisipozaa hakuna kinachodaiwa.

Tuliposoma zaidi tuliona kwamba uharibifu hauanzii kwenye asilimia. Unaanzia uwanja wa kupuria. Nafaka iliyokwisha vunwa isizuiwe kupurwa kwa kumngojea mtoza kodi, maana kila siku inayolala nje inaliwa na ndege, wanyama na wapita njia, na hasara ni ya pande zote mbili. Mazao yasikisiwe kwa macho. Yapimwe, au yauzwe kwa wafanyabiashara na bei igawanywe, au yathaminiwe kwa haki. Mkulima asidaiwe ujira wa wapimaji, bei ya karatasi, wala malazi ya wajumbe. Dirham zake zisikatwe kwa kisingizio cha tofauti ya sarafu. Makato haya madogo hayaonekani kwenye daftari la khalifa, na ndiyo yanayomaliza ghala la mtu.

Abu Yusuf anakemea pia kabala, yaani kumpa mtu wilaya nzima kwa mkataba wa kiasi maalumu. Mwenye mkataba lazima afikishe kiasi hicho na abaki na faida, kwa hiyo huwasimamisha watu juani na kuwatundika mawe shingoni. Anairuhusu pale tu wenyeji wenyewe wanapomtaka mtu wa kwao mwenye uwezo awadhamini, tena chini ya mwangalizi anayelipwa na Baitul-Mali, yaani hazina ya umma.

Kwenye matumizi, kusafisha mifereji mikubwa itokayo Dijla na Furati ni gharama ya Baitul-Mali pamoja na walipa kharaji, wala wasibebeshwe wao peke yao. Vijito vinavyoingia katika mashamba ya watu husafishwa na wenyewe. Fedha za zaka zisichanganywe na kharaji: kharaji ni ya Waislamu wote, zaka ina wenyewe waliotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60. Hata neno letu la ushuru limetokana na Kiarabu cha sehemu ya kumi, ambayo ndiyo zaka ya mazao ya mvua. Ya kumwagilia ni nusu yake.

Hapo ndipo tulipokwama, Mheshimiwa. Nisabu, yaani kiwango cha chini cha mazao kinachowajibisha zaka, ni wasaki 5, yaani pishi 300. Imam Abu Hanifa hakuweka nisabu kwa mazao, na aliihesabu pishi kuwa ratili 8 za Iraq. Abu Yusuf alimwacha mwalimu wake katika yote mawili: alikubali wasaki 5, na akachukua pishi ya Madina, ratili 5 na theluthi. Anayetumia pishi ya Iraq ana nisabu kubwa kwa nusu nzima kuliko mwenzake, na darasani kwetu kila mmoja alikuja na kopo la ukubwa wake.

Kwa hiyo maombi yetu ni mawili: seti ya vipimo vya pishi na kibaba iliyohakikiwa, pamoja na mizani ya kilo 50 ya kulinganishia.

Tunaomba kuwasilisha.