Harambee ya vipimo vya shingo ya Fundi wetu

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu zetu wa kigango, na ninyi watoto wa Igombe mlioko Dar, Dodoma, Geita na ng'ambo, tunawaandikia kwa haraka na, tuseme kweli, kwa aibu. Mwaka huu mmeshachangia mabati, mkachangia spika, na wapo ambao ahadi zao za nyuma bado zinawadai. Lakini Fundi aliyejenga kuta za kanisa tunamosali haioni tena altare.

Kidevu chake kimeshuka mpaka kifuani na hakipandi. Anakunywa uji kwa mrija. Sahani anawekewa mapajani, maana ikikaa mezani haioni. Akitaka kumtazama mtu usoni anakunja magoti na kujirudisha nyuma kiunoni, na hawezi kukaa hivyo muda mrefu. Jumapili, Padri anainama chini kabisa ili ampe Komunyo. Watu anawajua kwa viatu vyao. Juzi alimwambia mwenyekiti wa jumuiya yake, "Shikamoo mama, umebadilisha kandambili," na mama yule alishindwa kuitikia kwa machozi.

Haukuanza jana ugonjwa huu. Tangu ujana wake mgongo ulimkaza kila alfajiri, akishaanza kazi unalegea. Sote tulisema ni zege na tofali. Wengine wetu, Mungu atusamehe, tulisema amerogwa. Sasa daktari anashuku ni ugonjwa wa kinga ya mwili unaovimbisha maungio ya uti wa mgongo mpaka pingili zinashikana na kuwa mfupa mmoja. Anasema pia kwamba shingo za watu wazima huinama kwa sababu nyingine: kifua kikuu cha mifupa, pingili kulika kwa umri, misuli kulegea, hata upasuaji wa zamani. Kila moja ina tiba yake, kwa hiyo haitoshi kuangalia kwa macho.

Tumeulizwa mara nyingi swali hili: kwa nini tuchangie picha za hospitali, tusisubiri tuchangie upasuaji? Tena picha si alishapiga?

Alipiga, ndiyo. Katika hospitali moja alilazwa kitandani, ikachukuliwa eksirei ya shingo peke yake. Daktari wa mifupa alipoiona alisema haitoshi kuamua lolote, na Fundi mwenyewe ndiye aliyetuelewesha, kwa lugha ya kazi yake: "Timazi haipimwi kwenye ukuta uliolazwa chini."

Kinachotakiwa ni picha ya ubavuni akiwa amesimama, kuanzia kichwani hadi nyongani, magoti yamenyooka. Akiyakunja kama alivyozoea, anaficha ubovu wenyewe. Shingo haisimami peke yake, imekaa juu ya mgongo. Pingili ya kwanza ya kifua ndiyo msingi wake, na msingi ukilala sana mbele, shingo lazima ijipinde zaidi ili macho yatazame njia. Huenda shingo tunayoilaumu inabeba kosa la mgongo wa chini yake.

Juu ya picha hiyo daktari anateremsha timazi, yaani mstari wa wima, kutoka pingili ya pili ya shingo na kupima iko mbele kiasi gani ya pingili ya saba. Ikizidi sentimita 4, tatizo linahesabiwa kuwa kubwa. Kisha anapima pembe ya mpindo kwa mistari, kwa njia aliyoieleza daktari Mmarekani John Cobb mwaka 1948, ambayo bado inatumika. Anapima pia mstari wa paji la uso hadi kidevu, kujua macho yameangalia chini kwa nyuzi ngapi. Shingo itapigwa picha ikiinama na ikiinuliwa, kwa kadiri yeye mwenyewe anavyoweza, ionekane kama bado inacheza au imeganda. Picha ya CT itaonyesha mifupa iliposhikana, na picha ya MRI itaonyesha kama neva zimebanwa. Hili la mwisho linatutia hofu, kwa sababu vidole vyake vimeanza kushindwa na vifungo vya shati.

Rufaa yake ni ya MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Bima hana. Basi la kutwa nzima hatuthubutu kumpandisha, maana shingo kama imeganda, kama daktari anavyoshuku, inaweza kuvunjika kwa mshtuko mdogo tu, na ikivunjika inaweza kumlaza maisha. Ndiyo maana mtaona tiketi za ndege kwenye bajeti. Si anasa.

Lengo ni shilingi 3,600,000 kwa vipimo, kumwona daktari, malazi na nauli ya watu wawili. Jumuiya zimeshatoa 1,140,000. Bado 2,460,000. Fedha zinaingia akaunti ya kigango, stakabadhi zote zitabandikwa kwenye ubao, na kitakachobaki kitatunzwa kwa matibabu yake. Namba ya kutuma kwa simu anayo kila mwenyekiti wa jumuiya. Msitume kwa mtu mwingine.

Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, Septemba 2018, hapa hakuna aliyeulizwa mara mbili. Akina mama walitoa mchele na khanga hata kabla ya tangazo. Huyu hakuzama, tunapishana naye kila siku njiani. Yule mama wa Injili ya Luka alikaa miaka 18 amepinda, na alikuwa sinagogini siku ya Sabato, watu wakimwona. Tusikae miaka 18.

Na tafadhali, wenye nia njema mnaotaka kumpeleka kwa wanaonyoosha viungo: msimpeleke. Shingo yake isivutwe wala kukandwa na yeyote.

Harambee ni Jumapili ijayo baada ya misa ya pili. Asiye na fedha alete kuku, mayai, sado ya dagaa au mkungu wa ndizi, mnada utakuwepo. Fundi atakaa benchi la mbele, upande wa kwaya. Ukienda kumsalimia, chuchumaa kidogo akuone.

Katibu wa Kamati, kwa niaba ya kigango