Kwa nini bata anachelewa kutoka kuliko kuku

Kila wiki yupo mteja anayetuletea kuku wawili na bata mmoja tuwachinje na kuwanyonyoa, akakaa kwenye benchi kusubiri. Kuku wanatoka, wanafungwa, na bata bado yuko kwenye karai. Hapo ndipo tunapoulizwa: "Mbona huyu mnamchelewesha, na bei yake iko juu?" Ni swali la haki, nasi tunalijibu hapa kwa urefu.

Bata ni ndege wa maji. Juu ya mkia ana tezi ya mafuta. Siku nzima hupeleka mdomo pale, kisha hujipaka mwili mzima, ndiyo maana hutoka bwawani mkavu. Mafuta hayohayo ndiyo yanayotutoa jasho. Ukimtumbukiza kwenye maji ya moto kama kuku, maji yanateleza juu ya manyoya na joto haliifikii ngozi. Mtu akiona manyoya hayatoki anachochea moto, ngozi inaiva na kuchanika. Bata wengi tunaoletewa wakiwa wameharibikia nyumbani, wameharibikia hapo.

Sisi tukishamchinja kwa bismillahi na damu ikaisha, tunamng'oa kwanza manyoya makubwa ya mabawa na mkia akiwa bado mkavu. Kisha anaingia kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 70, yasiyochemka, yenye matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni inakata mafuta. Tunamshika miguu, tunamzungusha na kusugua kinyume cha manyoya kwa dakika mbili tatu, mpaka nyoya la kifuani litoke kwa vidole viwili. Sabuni inasuuzwa yote kwa maji safi kabla tumbo halijapasuliwa.

Kunyonyoa kwenyewe ni kwa mkono. Yakiisha manyoya ya juu yanabaki malaika, yale laini yaliyolala ngozini, nayo tunayababua kwa moto mdogo. Halafu vinakuja vishina vya manyoya yanayoanza kuota. Hivyo havikubali moto wala maji. Ni kibano, kimoja kimoja. Bata mwenye manyoya meusi ndiye mgumu zaidi, kwa sababu kila kishina kina rangi nyeusi ndani, na kikikatika kinaacha doa. Bata mmoja wa namna hiyo anaweza kutuchukua saa nzima.

Hapa unaweza kutusaidia. Kabla hujamkamata, puliza manyoya ya kifuani mpaka uone ngozi. Ukiona vijiti vinachomoza, msubiri wiki tatu nne vikomae. Bata wetu wa kienyeji, yule mwenye nyama nyekundu usoni, kwa kawaida huwa tayari akiwa na wiki 12 hivi. Jioni ya kuamkia siku ya kuchinja mnyime chakula, lakini maji mwachie.

Sasa harufu. Wengi wanasema hawali bata kwa sababu ananuka. Mara nyingi kinachonuka ni ile tezi, iliyoachwa mahali pake ikapikwa pamoja na nyama. Tunaikata kuanzia juu kidogo ya mkia, tukishuka hadi mfupani, mpaka pasibaki rangi ya manjano hata chembe. Dume mzee ana harufu yake ya asili hata tezi ikitoka. Huyo mlaze kwenye limao, tangawizi na kitunguu saumu usiku mzima, kisha umpike taratibu kwa tui la nazi. Atakulipa.

Wachache hutuletea bata wa porini waliopigwa mabwawani. Bila kibali cha uwindaji hatumpokei, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 iko wazi. Mwenye kibali tunamhudumia, na kazi yake ni tofauti: tunafuata kila tundu la marisawa, zile punje ndogo za bunduki, kwa kuwa madini ya risasi ni sumu, na kila punje huingia nyamani na kijinyoya chake. Nyama iliyovilia damu tunaikata na kuitupa. Usitudai kilo hiyo.

Jambo la mwisho ni muda. Bata aliyechinjwa sasa hivi nyama yake hukakamaa baada ya saa chache, na ukimpika katika hali hiyo utalaumu kuni bure. Anahitaji kulala kwenye friji usiku mmoja ndipo alainike. Kwa hiyo wa sikukuu mlete siku mbili kabla, asubuhi. Utamkuta amekatwa vipande au mzima, upendavyo, na firigisi, maini, shingo na miguu kwenye mfuko wake. Mafuta ya tumboni nayo tunakuwekea pembeni: yayeyushe kwa moto mdogo, uyachuje, ukaangie viazi.