Krismasi ya mwaka huu imeangukia bamvua, jamani tuchangieni vifaa vya uokoaji ufukwe wa Bagamoyo

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Naandika kama katibu wa kikundi chetu cha kujitolea cha uokoaji hapa Bagamoyo, wengi mnatujua kwa zile fulana za njano zilizopauka, tunakaa chini ya mti wa mkungu upande wa soko la samaki. Najua kipindi hiki kila mtu anachangishwa, harusi, ada, ujenzi wa msikiti, ujenzi wa kanisa, lakini naomba mnisikilize mpaka mwisho kwa sababu hili letu lina tarehe na tarehe yenyewe haitusubiri.

Fungueni kalenda. Tarehe 24 Desemba mwaka huu wa 2026 mwezi unapevuka, kwa hiyo Krismasi na siku inayofuata zote ziko kwenye bamvua. Na tarehe 9 Desemba, Uhuru, ni mwezi mwandamo, bamvua tena. Mtu wa bara akisikia bamvua anaona ni maneno ya wavuvi tu, ila wa hapa anaelewa: maji yanakauka kabisa mida ya saa nne saa tano asubuhi, alafu yanajaa kwenye saa kumi, saa kumi na nusu jioni, na kati ya kukauka na kujaa yanapanda zaidi ya mita 3, yaani kimo cha dari ya chumba. Sasa pima hiyo na safari ya mgeni anayetoka Dar. Kaondoka nyumbani saa mbili, foleni ya Tegeta, Bunju, Mapinga, anafika hapa saa nne au tano, anakuta bahari imeenda huko mbali, mchanga mtupu, watoto wanashuka kwenye gari wanakimbia moja kwa moja mpaka kwenye fungu la mchanga wanaokota makombe, na mzazi anafurahi kwamba bahari ya Bagamoyo ni ya upole.

Na ni ya upole kweli ikiwa imetoka. Inavyorudi ndo kuna kazi. Saa ya kwanza yanakuja maji kidogo tu mtu anajisahau, lakini zile saa mbili za katikati, kwa siku ya Krismasi ni kama saa saba mpaka saa tisa mchana, hapo ndo nusu nzima ya maji yote inaingia, na ndo saa hizohizo mama anapakua pilau na baba kalala kwenye mkeka. Kibaya zaidi hayaanzi kuja mbele. Fungu limeinuka, nyuma yake kuna mkondo, kwa hiyo maji yanaingia kwanza huko nyuma, mtoto aliyesimama juu ya fungu anaangalia miguu yake mikavu anajua bado, akigeuka arudi kwa mama yake anakuta pale alipopita kwa miguu pameshakuwa kifuani na panavuta.

Idi ndogo nayo ni hivohivo kila mwaka, maana Idi hiyo siku zote inaandamana na mwezi. Idi pili ya mwaka huu, mwezi wa Machi, saa nane kasoro mchana, mi nilikuwa naandika zamu kwenye daftari nikaona binti mmoja yupo kwenye tyubu ya lori anapunga mkono. Tukadhani anaita wenzie. Kumbe alikuwa na mdogo wake wa kiume, miaka tisa hivi, ameshateleza kutoka kwenye tyubu na sisi hatukumuona kabisa kwa sababu hakupiga kelele. Wahenga walisema mfamaji haachi kutapatapa, sawa, ila sisi tuliokaa ufukweni tumejifunza kwamba mtoto anayezama mara nyingi yuko kimya, kichwa kimelala nyuma, mdomo unaingia na kutoka majini, hawezi kuita kwa sababu hata pumzi ya kuitia hana, na yote hayo yanaisha ndani ya dakika moja. Ukiona mtoto aliyekuwa anapiga kelele kanyamaza ghafla, huyo ndo wa kumkimbilia.

Wenzangu wawili wakaingia. Mzee mmoja wa ngalawa aliyekuwa anarudi na samaki wake akamnyooshea yule binti pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, akalishika, akavutwa yeye na tyubu lake. Mtoto alifikiwa na kijana wetu akiwa na dumu tupu la lita tano lililofungwa kamba, maana hilo ndo boya letu sisi, wakaanza kuvutwa kuja pwani. Ile kamba ilikuwa imeungwa mafundo matatu, ya kufungia mbuzi, tuliokotezaokoteza. Fundo moja likaachia katikati ya mkondo. Nililiona linaachia kwa macho yangu. Kijana alibaki na dumu, mtoto begani, hana kamba, na aliogelea kwa nguvu zake tu mpaka akakanyaga mchanga.

Mtoto alitolewa hapumui. Mchanga mpaka kwenye meno. Watu wakajaa, mwanaume mmoja, kwa nia njema kabisa, akamshika miguu anataka amning'inize kichwa chini maji yatoke, na hii tumeikuta mara nyingi mno, naomba tuiache wote kwa sababu inakula muda ambao mtoto hana. Binti yetu mmoja aliyewahi kusoma huduma ya kwanza akapiga ukelele mlazeni chini, akatandika kanga yake, akamlaza chali, akainua kidevu, akambana pua akampulizia pumzi tano, alafu akaanza kukandamiza kifua, thelathini, pumzi mbili, thelathini, pumzi mbili. Mi nilikuwa nahesabu kwa sauti ili asipotee. Akatapika, akakohoa, akalia. Kile kilio sijui niwaeleze vipi. Wakati anapandishwa bajaji kwenda hospitali vidole vyake vilikuwa vimeng'ang'ania pindo la ile kanga, ikabidi iende naye.

Alipona yule. Lakini tangu siku ile kila nikilala naiona ile kamba.

Ndo maana tunaomba. Watu tunao, vijana 24, wavuvi, wanafunzi waliomaliza fomu foo, mabinti sita, na hakuna anayelipwa. Ujuzi wa bahari wamezaliwa nao. Tunachokosa ni vitu vya kushika mkononi na mafunzo ya kwenda na hivyo vitu.

Kuna mtu ataniuliza si kuna Zimamoto na Uokoaji? Wapo, namba yao ni 114, isevu kwenye simu yako sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, na ajali yoyote tunawapigia. Ila aliyezama ana dakika chache tu, hakuna gari duniani litakalofika, anayefika ni aliyekuwepo. Mnakumbuka ile ndege iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu 43 ndani, 24 walitoka wazima, na waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mvuvi ndo huyohuyo hapa kwetu, tofauti ni kwamba tunataka akifika awe ameshika boya na anajua akimtoa mtu amfanye nini. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2021 peke yake watu kama 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni wa nchi kama zetu hizi. Sio kwamba bahari yetu ni kali kuliko za wenzetu.

Wenzetu hawakusubiri. Kule Sydney, Australia, tangu mwaka 1907 kuna klabu za ufukweni za watu wa kujitolea kama sisi, na msimu wao wa joto ni huuhuu wa Desemba mpaka Februari. Tarehe 6 Februari 1938 pale Bondi mawimbi yalizoa watu zaidi ya 200 kwa mkupuo mmoja, wakafa watano, waliobaki wakatolewa na wanachama waliokuwepo ufukweni siku ile na mikanda yao na kamba zao. Na Uingereza boti za kuokoa watu baharini zinaendeshwa kwa michango ya wananchi tangu 1824, karne mbili hizo, watu wanatoa hela yao kidogokidogo. Kutoka kwa hao wa Australia tumechukua kitu kimoja tunachotaka kianze hapa msimu huu: bendera mbili, nyekundu juu njano chini, zinasimikwa mchangani, na kuogelea ni katikati ya hizo bendera tu kwa sababu hapo ndo macho yetu yalipo. Tutazihamisha kadiri maji yanavyojaa na kupwa. Pembeni kibao kikubwa cha Kiswahili kimeandikwa kwa chaki, leo maji yanakauka saa ngapi, yanaanza kurudi saa ngapi, mwisho wa kwenda kwenye fungu saa ngapi. Mi naamini hicho kibao peke yake kitaokoa watu kuliko sisi wote kwa pamoja.

Sasa hela. Laifu jaketi 12 kwa 45,000 inakuja 540,000, na naomba hapa nieleze kidogo kwa sababu kuna mtu alituambia mbona zipo za elfu kumi na tano. Tulinunua hizo mwaka jana, nne, tukafurahi. Siku ya zoezi kijana wetu akavaa, ndani ya dakika kumi jaketi likaanza kumvuta chini, tukalichana tukakuta ndani ni sponji ya godoro, imekunywa maji mpaka inachuruzika. Zile nne tulizichoma moto ili asizivae mtoto wa mtu. Kwa hiyo tunanunua za uhakika na kila moja tutaizamisha kwanza ndo tulipie. Maboya ya duara sita ni 510,000, kamba mpya ya manila rola mbili 180,000, bendera, nguzo na kile kibao 240,000, vipyenga 50,000, darubini mbili 190,000. Mafunzo ya siku tatu ya uokoaji na huduma ya kwanza kwa vijana wote 24 na chakula chao ni 1,150,000, hiyo ndo kubwa na ndo sitaki ipunguzwe. Mafuta ya boti ambayo nahodha mmoja ametuazima bure, tumekadiria 480,000. Na chakula na maji ya watu wanane wa zamu kwa siku 19, elfu nne kila mtu, 608,000. Hizo siku ni wikiendi za Desemba kabla ya Krismasi, siku ya Uhuru, alafu mfululizo kuanzia tarehe 24 mpaka 3 Januari, na Mapinduzi tarehe 12.

Jumla 3,948,000. Sisi wenyewe tumeshajichanga, na wavuvi wa soko la samaki waliweka ndoo ya mchango mnadani wiki tatu mfululizo, na mama zangu wakaanga samaki walitoa faida yao ya Jumamosi moja nzima, Mungu awabariki, tumefika 1,148,000. Imebaki 2,800,000.

Mhazini wetu ni mama anayeendesha kikoba hapa mtaani miaka mingi, wanaomjua wanamjua, mia ya mtu haipotei kwake. Namba ya kuchangia imeandikwa kwenye ubao pale mkunguni na jina litakalotokea ni lake, ukiona jina lingine usitume. Ukituma weka na ya kutolea tafadhali. Elfu mbili inapokelewa, elfu moja inapokelewa, na ukishindwa hela tuletee tyubu nzima, dumu lenye mfuniko, kanga ya kumfunikia mtu aliyetoka majini, lita ya petroli. Risiti zote zitabandikwa palepale ubaoni mtu asome.

Neno moja kwa wazazi wenye mabinti. Wale sita wetu wanaogelea na suruali za kubana na nguo za mikono mirefu, vichwa vimefunikwa, kama wanavyofundishwa wasichana kule Nungwi, na wawili kati yao wanawapita wanaume kwa kasi. Baibui na kanga vikilowa vinakuwa vizito vinamfunga mtu miguu, kwa hiyo binti asiyejua kuelea yuko hatarini kuliko kaka yake, na bado ndo tunamwambia yeye amwangalie mdogo wake majini. Yule wa Idi pili hakuwa anajua kuogelea.

Harambee yenyewe ni Jumamosi tarehe 21 Novemba saa tisa alasiri, palepale chini ya mkungu. Maji yatakuwa bado ya juu kwa hiyo mtatuona tukifanya zoezi la kumtoa mtu kwa pondo, kwa kamba na kwa ngalawa, na binti wetu wa ile kanga atawafundisha kupulizia na kukandamiza kifua, kila mtu atajaribu kwenye mdoli mpaka aweze. Ukija na mtoto kuanzia miaka minane aje na nguo ya kubadilisha, tutaanza kumfundisha kuelea sikuhiyohiyo.