Barua kwa Rafiki: Pauni za Bibi na Sarafu za Kale za Kiingereza

Birmingham, Uingereza

Rafiki yangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Barua yako nimeipata pamoja na picha ulizoziambatisha, nami nimefurahi mno kusikia kwamba wewe na jamaa wote wa Mombasa ni wazima. Huku nasi hatujambo, ila baridi tu. Umeniuliza mambo mawili: kwanza, zile pauni mbili za dhahabu alizowaachia marehemu bibi yenu zina thamani gani, pili, kama kweli mtu anaweza kukusanya na kuuza sarafu za kale za Kiingereza akapata riziki ya halali. Nimeona nikujibu kwa urefu, kwa sababu hii ni kazi ninayoipenda, na watu wengi huiingia wakiamini kwamba sarafu ikiwa ya zamani basi lazima ni ghali.

Umri peke yake hauuzi sarafu. Mashamba ya nchi hii bado yanatoa visarafu vya shaba vya Warumi vyenye umri wa zaidi ya miaka 1600, navyo vikiwa vimechakaa huuzwa kwa bei ndogo tu, ilhali pauni ya dhahabu yenye tarehe ya 1937 iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni moja. Mnunuzi hulipa kwa sababu sarafu ni chache na wanaoitaka ni wengi, na juu ya hayo yote hulipa kwa hali iliyobaki nayo. Sarafu mbili za mwaka mmoja, zilizopigwa kwa muhuri mmoja, zinaweza kuachana bei mara kumi au zaidi, kwa kuwa moja ilipita mikononi na mifukoni mwa watu na nyingine ililala ndani ya kabati tangu siku ilipotoka kiwandani. Ukilielewa hilo na kulishika, mengine yote utajifunza taratibu.

Nianze na pauni zenu. Zote mbili ni za Mfalme George wa Tano, moja ya 1911 na nyingine ya 1918. Pauni ya namna hii ina uzito wa gramu 7.98, upana wa milimita 22 na ushei, na dhahabu yake ni ya karati 22. Yule mpanda farasi anayemuua joka ni Mtakatifu George, kazi ya fundi Mwitaliano Benedetto Pistrucci, naye alionekana katika pauni kwa mara ya kwanza mwaka 1817. Sasa chukua kioo cha kukuza uiangalie hiyo ya 1918, katika ule mstari wa ardhi ulio chini ya farasi, juu kidogo ya tarehe. Humo mna herufi ndogo sana. Ikiwa ni M, imepigwa Melbourne. S ni Sydney, P ni Perth, na ukiona I ujue imetoka Bombay, ambako pauni zilipigwa katika mwaka huo mmoja tu. Usipoona herufi yoyote, nijulishe mara moja, kwa sababu London haikupiga pauni mwaka 1918 na hapo tutakuwa na shaka. Pauni nyingi za kughushi zilitengenezwa Beirut katikati ya karne iliyopita kwa dhahabu halisi, na kwa kuwa dhahabu yake ni ya kweli, mizani ya sonara haiwezi kuzikamata. Hukamatwa kwa jicho, kwa kuangalia herufi zilizovimba na manyoya ya farasi yasiyo na makali.

Kuhusu ile ya 1911, picha yako imenionyesha doa la risasi ya kuungia juu ya kichwa cha mfalme, na bila shaka ilikuwa kidani au herini. Mabibi zetu wengi wa pwani walivaa pauni, na sioni walikosea nini, maana dhahabu ilikuwa akiba na pambo kwa pamoja. Lakini kwa mkusanyaji sarafu iliyochomelewa imekwisha kujeruhiwa, na hakuna fundi awezaye kuirudisha ilivyokuwa. Itauzwa kwa uzito wa dhahabu yake. Ushauri wangu ni kwamba hiyo msiiuze kabisa. Irudishwe kwenye mkufu, avae binti yenu.

Tafadhali usizisafishe, hata kwa sabuni na kitambaa laini. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kila mwezi naletewa sarafu nzuri zilizosuguliwa kwa majivu, ndimu au dawa ya meno na watu waliodhani wanaziongezea thamani. Sarafu inapopigwa, madini husukumwa kwa nguvu kutoka katikati kuelekea ukingoni, na msukumo huo huacha mistari midogo mno isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo inayofanya mwanga uzunguke juu ya sarafu unapoiinamisha chini ya taa. Mng'ao huo hauigizwi. Ukiusugua umeuondoa, na unaobaki ni mng'ao mkavu wa sufuria, wenye mikwaruzo ya nywele inayokwenda upande mmoja. Sarafu ya fedha ya zamani hupata utando wa kijivu, wa samawati au wa zambarau, na wakusanyaji wa hapa huupenda na kuulipia. Uache.

Ngoja nikueleze moja ninayoipenda kuliko zote nilizonazo, ingawa si ya dhahabu wala ya fedha. Ni sarafu moja ya shaba ya thamani ya peni mbili, ya mwaka 1797, iliyopigwa hapa hapa Birmingham katika kiwanda cha Matthew Boulton kilichokuwa Soho, kwa mashine za mvuke alizozitengeneza na mwenzake James Watt. Uzito wake ni aunsi mbili kamili, karibu gramu 57, na upana wake ni milimita 41, kwa hiyo ukiishika kiganjani unaihisi hasa. Ukingo wake ni mpana na umeinuka, na maandishi yamezamishwa ndani ya ukingo huo badala ya kusimama juu yake, ili yasilike. Upande mmoja yupo Mfalme George wa Tatu na majani ya ushindi kichwani. Upande wa pili ameketi Britannia, yule mwanamke anayeiwakilisha Uingereza, juu ya jabali katikati ya mawimbi, mkononi ana tawi la mzeituni, na kwa mbali kushoto kwake kuna merikebu ndogo. Katika hii yangu unaweza kuziona kamba za merikebu hiyo. Neno SOHO, lililoandikwa kwa herufi ndogo kupita punje ya mtama chini ya ngao, linasomeka lote. Wekundu wa asili wa shaba umebaki kuzunguka herufi na katika mikunjo ya nguo, na kwingine kote imekuwa rangi ya kahawa. Sarafu hizi zilikuwa nzito, zikidondoka zinaumia ukingoni, na wenye maduka walizifanya mawe ya mizani. Ndiyo maana iliyochakaa utaipata kwa bei nafuu siku yoyote, lakini yenye ukingo mzima na uso usioguswa huisubiri miaka.

Hapa ndipo yanapoingia madaraja. Wafanyabiashara wa Uingereza wana ngazi zao za kuipanga hali ya sarafu, na mgeni hushangaa kukuta kwamba daraja linaloitwa “nzuri” ni la sarafu iliyochakaa sana, ambayo nywele za mfalme zimeshalika. Juu yake kuna nzuri sana, kisha nzuri kupindukia, ambayo imeguswa kidogo mno mahali palipoinuka, kisha isiyotumika kabisa. Siku hizi kampuni za Kimarekani, PCGS na NGC, hupima kwa namba kutoka 1 hadi 70 na kuifungia sarafu ndani ya kisanduku cha plastiki. Wazee wa hapa hawakuipenda desturi hiyo, nami pia napenda kuishika sarafu kwa ukingo wake bila kizuizi. Hata hivyo kwa mtu wa mbali kama wewe, anayenunua asichokiona, kisanduku hicho ni kinga nzuri.

Ukiuliza kilele cha kazi hii ni kipi, wengi watakutajia William Wyon, mchongaji wa sarafu. Mwaka 1839 alitengeneza sarafu ya dhahabu ya pauni tano inayomwonyesha Malkia Victoria, aliyekuwa bado msichana, akimwongoza simba, kwa mfano wa Una, binti wa katika utenzi wa kale wa Kiingereza. Haikutolewa kwa matumizi ya sokoni. Zilipigwa mia chache tu. Mwaka 1847 akatoa krauni, yaani sarafu kubwa ya fedha, ambayo malkia amevaa taji, nywele zimesukwa msuko mmoja mnene, na nguo yake ina darizi iliyochongwa ua kwa ua. Zilipigwa 8,000. Watu waliziona ni nzuri mno kuzitumia wakaziweka, na hiyo ndiyo sababu zipo ambazo mpaka leo zimebaki kama zilivyotoka kiwandani. Mimi sina hata moja kati ya hizo mbili, lakini ya pili nimewahi kuishika mnadani, na ninaweka akiba kwa ajili yake.

Katika picha zako, ndani ya kopo la bibi, nimeona senti kumi zenye tundu za mwaka 1936. Ziangalie vizuri: zina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyetawala tangu Januari hadi Desemba mwaka huo kisha akaacha kiti. Sarafu za Uingereza zilihitaji sura yake, na kabla hazijatolewa akawa amekwisha kuondoka. Ile pauni ya 1937 ya milioni moja niliyoitaja ni mojawapo ya zile chache za majaribio zenye sura yake, zilizoandaliwa mapema kwa tarehe ya mwaka uliofuata. Senti zetu za Afrika Mashariki, kwa kuwa zina tundu katikati na hazina sura ya mtu, ziliandikwa jina lake na kusafirishwa, zikatumika sokoni kwetu. Zilipigwa nyingi, hivyo bei yake ni ndogo, lakini kwa moyo wangu hakuna mwanzo bora wa mkusanyo kwa mtu wa Mombasa. Chagua ile yenye maandishi makali kuliko zote.

Sasa biashara. Usinunue sarafu kumi zilizochakaa. Nunua moja iliyo bora kuliko unavyodhani unaweza kumudu, kwa maana hiyo ndiyo itakayopata mnunuzi siku ukihitaji fedha. Ukipeleka mnadani London, kwa mfano Spink, waliopo tangu mwaka 1666, kumbuka kwamba mnunuzi huongezewa ada ambayo mara nyingi hufika asilimia 20 au kupita, na muuzaji naye anaweza kukatwa yake. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua. Kila sarafu ihifadhiwe pamoja na vikaratasi vyake vya zamani, vyenye jina la mkusanyo ilikotoka na mwaka iliponunuliwa, maana historia hiyo huongeza bei na humtuliza mnunuzi kwamba si mali ya wizi. Epuka vifuko vya plastiki laini, ambavyo baada ya muda hutoa unyevu wa kijani unaokula shaba; na kwa joto la pwani ninakusihi uziweke pakavu, pamoja na vile vijifuko vya kufyonza unyevu. Na unapouza, taja kasoro ya sarafu kabla hujaulizwa. Niliwahi kuuziwa sarafu iliyozibwa tundu kwa ustadi, na aliyeniuzia alikuwa akijua. Tangu hapo sijanunua kwake, wala yeyote ninayemfahamu hanunui. Soko hili ni dogo na watu wake hawasahau.

Nina ombi moja. Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikiendesha mambo huko kwenu ilipigisha rupia za fedha zenye jina la Mombasa, na zilipigwa hapa Birmingham katika kiwanda cha Heaton, zikatiwa herufi H. Natafuta moja yenye hali nzuri, nami ningependa inunuliwe kwa mtu wa huko badala ya mnadani. Waulize masonara wa Mji wa Kale. Ukiipata, nipigie picha tatu, ya mbele, ya nyuma na ya ukingo, mchana karibu na dirisha bila mwanga wa kamera, pamoja na uzito wake kwa gramu, nami nitakupa bei ya haki siku hiyo hiyo. Picha za pauni ya 1918 nazo uzipige upya kwa namna hiyo, hasa upande wa farasi, ili nione herufi.

Nisalimie mama, shangazi na watoto wote.

Wasalaam,

Ni mimi rafiki yako wa tangu utoto